Mlima Mmoja, Vichuguu Viwili: Je, Mstari Uliochorwa kwa Kosa Unaweza Kuwa wa Haki?

Nyuma ya mlango wa ofisi ya mhadhiri wetu mmoja hapa Mbarara imetundikwa nakala ya ramani ya zamani. Mlango ukiwa wazi huioni. Mimi niliiona siku niliyokwenda kuomba niongezewe muda wa kukabidhi kazi, mlango ukafungwa nyuma yangu, nami nikabaki nikiitazama ramani badala ya kumtazama mhadhiri.

Ni ramani iliyotokana na safari ya John Hanning Speke na James Augustus Grant, ambao kati ya mwaka 1860 na 1863 walitoka Zanzibar hadi Misri wakitafuta chanzo cha Mto Naili. Nililitafuta kwanza jina la Mbarara, sikulipata, kwa sababu mji huu ulikuwa haujaanzishwa. Nikashuka kusini-magharibi kutafuta kwetu, Rutshuru. Huko hakukuwa na mji, mto wala kijiji. Kulikuwa na karatasi tupu, na karibu yake mlima mmoja umeandikwa jina: Mfumbiro.

Mlima huo haupo. Nimekulia chini ya milima ya upande ule na ninaweza kuitaja kwa majina: Nyamulagira, Nyiragongo, Mikeno, Karisimbi, Bisoke, Sabyinyo, Gahinga na Muhabura. Hakuna unaoitwa Mfumbiro. Bufumbira ni jina la nchi iliyo chini yake, ile ambayo leo ni wilaya ya Kisoro nchini Uganda. Speke aliiona milima hiyo kwa mbali, akiwa Karagwe kwa mfalme Rumanika mwishoni mwa 1861. Hakuifikia. Aliuliza, akajibiwa, akaandika alichodhani amekisikia. Nchi ikawa mlima, na milima minane ikawa mmoja.

Msomaji anaweza kusema: hilo ni kosa dogo, wasafiri wote hukosea. Nami ningesema hivyo kama mlima huo usingekuja kukata ardhi. Katika insha hii nauliza swali moja: mstari uliochorwa kwa kosa, watu wakishaishi nao kwa muda mrefu, unaweza kuwa wa haki? Na kama hauwezi, yule aliyeuchora na yule anayefaidika nao wanadaiwa nini? Nitaanza na mlima huo, kisha nitaeleza jambo nililolifanya mimi mwenyewe katika makazi ya Nakivale, kwa maana bila jambo hilo nisingekuwa na ujasiri wala haki ya kuandika juu ya makosa ya wengine.

Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alizitangazia serikali za Ulaya mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Upande wetu mpaka ulipigwa kwa rula: longitudo 30 mashariki, kushuka kusini, kisha mstari ulionyooka hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ilikuwa miaka 9 kabla Mjerumani Gustav Adolf von Götzen hajafika Ziwa Kivu mwaka 1894, akiwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameliona. Yaani mpaka ulipita katika nchi ambayo mchoraji wake hakujua hata kama ina ziwa.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Wengi wetu tunaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar: Ujerumani iliuachia utawala wa Uingereza visiwa vya Unguja na Pemba, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Lakini mkataba huohuo ulikata bara pia. Ulisema kwamba magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka utafuata digrii 1 kusini mwa ikweta hadi kufikia Kongo. Kisha ukaongeza sharti: eneo la Wajerumani halitakuwa na Mlima Mfumbiro, na ikigundulika baadaye kwamba mlima huo uko kusini mwa mstari, basi mstari utapindishwa ili kuuacha mlima upande wa Waingereza.

Ninaomba msomaji asimame kidogo kwenye sharti hilo. Wale mabwana hawakudhani kwamba wanajua mlima uko wapi. Waliandika katika mkataba wenyewe kwamba hawajui. Kisha wakatia saini.

Ilipokuja kupimwa, mlima mmoja ulikuwa mingi, nayo yote iko kusini ya mstari. Muhabura, wenye urefu wa mita 4,127, uko zaidi ya kilomita 40 kusini ya digrii 1. Longitudo 30 nayo haikuwa mahali ramani zilipoionyesha. Kwa hiyo mataifa matatu yalidai ardhi ileile, kila moja kwa ramani yake. Mwaka 1909 Waingereza walituma msafara wa askari Kivu na Mfumbiro, wakakabiliana na askari wa Ubelgiji. Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana Brussels, na Mei mwaka huo wakakubaliana. Bufumbira ikawa ya Uganda. Bwisha, nchi ya babu zangu, ikawa ya Kongo. Iliyobaki ikawa Rwanda ya Wajerumani. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambacho watu wake hawakuulizwa kama walivyokuwa hawakuulizwa wengine, kikapewa Wabelgiji. Mwaka 1911 tume ya pamoja ikaja kupanda alama za mpaka. Sabyinyo, ambao jina lake katika Kinyarwanda lina maana ya baba wa meno makubwa, ukawa kilele ambapo nchi tatu zinakutana. Muhabura, maana yake mwenye kumwongoza aliyepotea, ukawa nusu huku na nusu kule.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mfalme Musinga wa Rwanda hakuwepo Brussels. Wazee wa Bwisha na wa Bufumbira hawakuwepo. Lakini methali hiyo hueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Haisemi kwamba ni sawa yaende hivyo. Kosa la kwanza la wanaoitumia ni kuigeuza hukumu.

Kwa nini mwanafunzi wa leo asumbuke na mlima wa 1890? Kwa sababu mstari uliokata ardhi haukuishia kwenye ardhi. Ulipanda ukaingia ndani ya watu.

Mwaka 1981 nchi yangu, wakati huo ikiitwa Zaire, ilitunga sheria ya uraia iliyodai kwamba raia wa asili ni yule ambaye wahenga wake walikuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Ni tarehe ileile ya tangazo la Leopold. Mzee wa Rutshuru anayezungumza Kinyarwanda alitakiwa kuthibitisha mahali alipokuwa babu wa babu yake siku ambayo mtu mmoja huko Ulaya alitangaza mpaka bila kuliona Ziwa Kivu. Watu waliokuwa wamepewa uraia kwa sheria ya 1972 walinyang'anywa. Sheria ya 2004 iliisogeza tarehe hiyo hadi uhuru, 1960, lakini kwa miaka zaidi ya 20 ile ya 1885 ilikuwa imekwisha kufundisha vijana wengi neno la kumwita jirani.

Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa chache kwa miguu, Katiba ya Uganda ya 1995 inataja makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na Wafumbira wamo katika orodha. Kwa hiyo binamu wawili wenye lugha moja na ukoo mmoja, mmoja akizaliwa Kisoro na mwingine Rutshuru, wanapimwa kwa tarehe mbili. Yule wa Kisoro ni mwenyeji bila shaka yoyote. Yule wa Rutshuru aliulizwa ametoka wapi, ingawa hakuwa ametoka popote. Tofauti yao ilitengenezwa na watu waliokuwa wakibishania mlima usiokuwapo.

Familia yetu ilivuka Bunagana mwaka 2008, vita vilipofika Rutshuru. Tulitembea siku mbili. Mama alimbeba mdogo wangu wa mwisho, mimi nilibeba sufuria, na dada yangu aliyekuwa na homa alibebwa mgongoni na mzee mmoja jirani yetu ambaye hakuwa ndugu wala mkwe. Alimbeba njia nzima. Tulilala Kisoro, baadaye tukaletwa na magari hadi Nakivale, wilaya ya Isingiro.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 ikawa rasmi makazi ya wakimbizi, wakati huo wakiwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Leo wapo watu zaidi ya laki moja: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waeritrea, Waethiopia. Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuuziana nyanya. Kila familia ilionyeshwa mahali pa kujenga na pa kulima. Ardhi si yetu, tunaitumia. Na labda kwa sababu si yetu, hakuna kitu kinachogombaniwa Nakivale kama mpaka wa shamba. Mpaka wa makazi yenyewe na mashamba ya wenyeji Wanyankole umebishaniwa kwa miaka mingi. Ndani yake tunabishania hatua mbili, tatu, mstari mmoja wa maharage.

Katika likizo yangu ya kwanza kutoka chuoni, yule mzee aliyembeba dada yangu alikuja nyumbani. Shamba lake lilipakana na la mama mmoja mjane kutoka Burundi. Zamani palikuwa na uzio wa minyaa kati yao, lakini ulikuwa umekauka, na kila msimu walikuwa wakiulizana. Wote wawili walikuwa wamekubali kwamba mimi, kwa kuwa nimesoma, nichore mchoro wa mpaka, watie dole gumba, na nakala iwekwe kwenye faili la kamati ya kijiji.

Nilifurahi. Nilikwenda siku iliyofuata na daftari, rula na kalamu mbili. Mama jirani alikuwa amekwenda sokoni. Jua lilikuwa kali. Mzee aliweka viti viwili chini ya mparachichi akanieleza: mpaka unaanza kwenye mkaratusi ulio kando ya barabara, unateremka moja kwa moja hadi kwenye kichuguu. Nilitazama chini bondeni, nikakiona kichuguu. Nikachora mkaratusi, nikachora kichuguu, nikaunganisha kwa rula. Nilikuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Jioni nilimpelekea mama yule karatasi. Alikuwa ametoka mbali na mzigo, na hajui kusoma. Alinitazama mimi, hakuitazama karatasi, akaweka dole gumba.

Vichuguu vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa ndani ya nyasi na hakionekani kutoka chini ya mparachichi. Kati ya kimoja na kingine kuna hatua 11. Mpaka wa kweli ulikwenda kwenye kile kisichoonekana. Mstari wangu ulimkata yule mama pembetatu nzima ya shamba, iliyoanza na kitu kidogo tu barabarani na kupanuka hadi hatua 11 kule chini, penye udongo mzuri, alipokuwa amepanda mihogo.

Mimi nilikuwa nimerudi Mbarara. Alipolalamika, kila aliyemwendea alilitazama faili na kumjibu kwamba karatasi inasema hivi. Alilalamika misimu miwili. Niliporudi likizo nyingine alikuja kwetu, akakataa kiti. Aliniambia, "Mwanangu, ungenisubiri tu nirudi sokoni."

Nilimjibu kwamba sikukusudia. Ni kweli, sikukusudia. Na hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa dhati juu ya ramani ya nyuma ya mlango.

Swali la kwanza ni hili: kosa la mtu asiyekusudia ni kosa la namna gani? Tumezoea kugawa makosa mawili, la kusudi na la bahati mbaya, na kumsamehe mwenye la pili. Nafikiri mgawanyo huo hautoshi. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua. Na kuna kutojua kwa mtu ambaye angeweza kujua kama angeinuka kwenye kiti. Speke alikuwa karibu na wa kwanza: aliona kwa mbali, akaandika alichokiona kwa mbali. Waliotia saini mwaka 1890 walikuwa wa pili. Walijua kwamba hawajui. Mimi nilikuwa wa pili vilevile. Nilijua kwamba mwenye nusu ya mpaka yuko sokoni. Nilijua kwamba sijashuka bondeni. Sikusema uongo wowote, lakini nililifanya jua kuwa sababu ya mtu mwingine kukosa mihogo. Na nikijichunguza zaidi, lilikuwapo jambo jingine: yule mzee alimbeba dada yangu. Sikutaka kumwonyesha kwamba neno lake linahitaji kuhakikiwa. Shukrani yangu nililipa kwa ardhi ya mtu mwingine.

Swali la pili ni gumu zaidi. Tuseme mstari umekosewa, lakini sasa watu wanaishi nao. Tufanye nini?

Jibu moja ni kwamba kosa halizeeki likawa haki. Mstari ufutwe na kila kitu kirudi mahali pake. Jibu hili lina nguvu ya ukweli, lakini linadhani kwamba mahali pake bado papo. Ndani ya ile pembetatu mzee alikuwa amekwisha kujenga banda la mbuzi, kwa kuiamini karatasi yangu. Kufuta mstari kungevunja banda la mtu ambaye naye hakukosa kwa makusudi. Na kwa mipaka ya nchi, tunajua damu inayomwagika pale mtu anapoanza kuchora upya kwa bunduki. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuhadithiwa. Kila anayetaka kutupiga huja na ramani ya zamani kwapani.

Jibu la pili ni la Cairo. Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuheshimu mipaka waliyoirithi siku ya uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolipigania azimio hilo. Somalia na Moroko walilikataa. Hoja yake si kwamba mipaka ile ni mizuri. Hoja ni kwamba kuifungua ni kufungua vita visivyo na mwisho. Jirani zangu Wasomali pale Nakivale wana maneno mengi juu ya azimio hilo, na nimewasikiliza usiku mwingi. Hata hivyo ninakubaliana na Cairo, kwa kiasi.

Kiasi chenyewe ni hiki. Azimio la 1964 lilijibu swali la mahali serikali moja inapoishia na nyingine inapoanzia: nani atatengeneza barabara hii, nani atakusanya ushuru ule, polisi wa nani aje akiitwa. Huo nauita mpaka wa kazi. Mpaka wa kazi unaweza kuwa wa kosa na bado ukafaa, kama vile upande wa kushoto wa barabara unavyofaa kuendeshea magari Uganda ingawa ungeweza kuwa wa kulia. Lakini sheria kama ile ya 1981 ililiuliza mstari swali jingine kabisa: nani ni wa hapa, nani ni mgeni. Swali hilo mstari hauwezi kulijibu, kwa sababu aliyeuchora hakuwajua watu. Mlima Mfumbiro ulitosha kugawa wakusanya kodi. Hautoshi kuwa shahidi wa ukoo wa mtu. Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa kutoka Kongo, alituonyesha katika kitabu chake cha 1988 jinsi Afrika ilivyosomwa kwa muda mrefu kupitia maktaba ya kikoloni, hata na Waafrika wenyewe. Sheria ile ni mfano uliokamilika: mtu mweusi anamfukuza mtu mweusi kwa ushahidi uliotoka katika karatasi ya Leopold.

Mwenzangu mmoja wa darasani, Munyankole wa Isingiro, alinipinga tulipojadili jambo hili. Alisema: kila nchi lazima iwe na tarehe. Bila tarehe, yeyote atakuja na kudai. Tena akaniuliza kama ningependa Nakivale yote iwe ya wakimbizi kwa sababu tu wamekaa. Ni pingamizi la haki, na familia yake inalima karibu na mpaka wa makazi, kwa hiyo hasemi kinadharia. Ninakubali kwamba tarehe zinahitajika. Lakini tarehe si zote sawa. Ya 1960 ilikuwa katika kumbukumbu za watu walio hai. Mzee angeweza kusimama na kusema, nilikuwa hapa, na jirani akamshuhudia au akampinga. Ya 1885 hakuna aliye hai wa kuisemea. Anayebaki kuwa shahidi ni ramani peke yake, na ramani ilikwisha kukosea. Kwa hiyo napendekeza kipimo kimoja: mstari unaotumiwa kumhukumu mtu uwe ule ambao mtu huyo anaweza kuutembea na kuusemea. Usiotembeka utumike kwa barabara na ushuru, usitumike kwa watu.

Kipimo hiki kinanibana mimi mwenyewe pia. Mdogo wangu mwingine alizaliwa Nakivale mwaka 2010. Hajapata kuiona Rutshuru. Katiba ya Uganda, inapozungumzia kusajiliwa uraia kwa sababu ya kuzaliwa hapa, inawatoa watoto ambao mzazi wao alikuwa mkimbizi. Siwezi kuidai Uganda kwa niaba yake kana kwamba imetudhulumu. Nchi hii ilitupokea tulipokuwa na sufuria moja. Lakini naweza kuuliza: mtoto huyu ameutembea mstari upi? Anaijua njia ya kwenda Ziwa Nakivale, anaongea Kinyankore sokoni kuliko mimi. Tukimwambia kwao ni upande ule wa Sabyinyo, tunamwonyesha mahali kwenye karatasi.

Sasa nirudi kwenye pembetatu, kwa sababu falsafa isiyorudi shambani ni rula tu.

Nilimwendea mzee kwanza. Nilimweleza kwamba mchoro wangu umekosewa na nataka tuutembee upya, sisi watatu. Alinyamaza muda mrefu. Alijua vichuguu ni viwili. Nadhani siku ile chini ya mparachichi hakufikiri kwamba sikijui cha pili, na baadaye, udongo ulipokuwa mzuri, hakuona haraka ya kunikumbusha. Hatimaye akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, "Mutoto yangu, hii karatasi yako haikutembea." Sikujua kama ananilaumu au anajitetea. Labda yote mawili.

Tulitembea asubuhi, kabla ya jua. Mama alitangulia, mzee katikati, mimi nyuma na daftari. Tulichukua saa mbili kwa umbali ambao mimi niliumaliza kwa rula kwa dakika moja. Banda la mbuzi lilibaki. Mzee alitoa sehemu inayolingana nalo upande wa juu. Kwa hiyo mstari mpya umepinda, na umepinda kwa kukubaliana. Mchoro wa kwanza sikuuchana. Nimeuacha ndani ya faili, nyuma ya ule mpya, nikaandika chini yake kwamba ulikosewa na mimi, kwamba sikushuka bondeni, na kwamba mwenye shamba la pili hakuwepo. Nafikiri ramani za zamani nazo zingetundikwa hivyo: zisifichwe wala zisipambwe, bali ziwe na mstari mmoja chini unaosema nani hakuulizwa.

Misimu miwili ya mihogo haikurudi. Nilimlimia mama yule wiki tatu likizo ile na wiki mbili iliyofuata. Siku ya mwisho nilimuuliza kama deni limekwisha. Alicheka kidogo, akaniambia kazi yangu ni nzuri, ila njaa ya mwaka ule waliila mwaka ule. Hakulisema kwa uchungu. Naliandika hapa kwa sababu nilikuwa nimepanga kuandika kwamba kosa likikiriwa na kulipwa linakwisha, na nisingekuwa nasema kweli. Kukiri na kulipa kunamzuia mkosaji asiendelee kufaidi. Kunampa aliyekosewa neno lake ndani ya faili. Hakumrudishii mwaka.

Na yule mzee aliyembeba dada yangu? Tunasalimiana vizuri. Ananipa mkono, anauliza masomo. Lakini tangu asubuhi ile haniiti tena mtoto wake. Ananiita mwalimu.